Kitenzi Kisichobadili Sura: Nani Amesoma, Nani Hakusoma?

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyowatoa watoto wetu jasho, kiko kimoja cha herufi nne tu, kidogo kwa umbo, kikubwa kwa vituko. Kitenzi chenyewe ni "read", yaani kusoma. Ukikiandika kwa wakati uliopo, ni "read". Ukikiandika kwa wakati uliopita, ni "read" vile vile. Hakuna herufi iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Lakini ulimi ukifika hapo hutakiwa ugeuke. Kisomwapo kwa wakati uliopo hutamkwa "riid", na kwa wakati uliopita hutamkwa "red", sauti ile ile ya neno lao la rangi nyekundu.

Msomaji mpenzi, huenda ukauliza: jambo hili latuhusu nini sisi wa pwani? Latuhusu, tena sana. Kwani kitenzi hiki, ukikichungua, kinagusa jambo ambalo babu zetu walilijua kabla ya skuli ya kwanza ya Kizungu kufunguliwa Mombasa. Na kinagusa pia swali ambalo bado linawaumiza watu wengi kimya kimya, pwani na bara: ni nani hasa anayestahili kuambiwa amesoma, na ni nani anayeambiwa hakusoma?

Twende kwanza hadi Nuu.

MTOTO WA NUU NA LUGHA TATU

Nuu iko Kitui, upande wa Mwingi, katika nchi kavu ya Ukambani inayoelekea mashariki. Milima ya Nuu imesimama juu ya nyika, na chini yake watu hulima pojo, mtama na mbaazi, hufuga mbuzi na ng'ombe, hutundika mizinga ya nyuki, na huisubiri mvua ya Novemba kama sisi tusubirivyo kusi itulie. Mtoto wa Nuu huzaliwa katika Kikamba. Kiswahili hukikuta sokoni, redioni na darasani. Kiingereza hukikuta skuli, na sera ya elimu ya Kenya inasema kwamba katika miaka mitatu ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya mahali anapokaa, kisha kuanzia mwaka wa nne Kiingereza ndicho kiwe lugha ya masomo yote.

Basi fikiri juu ya mtoto huyo afikapo mwaka wa nne. Lugha yake ya nyumbani ni tajiri mno katika mambo ya wakati. Kikamba hakitosheki kusema jambo limepita. Hutaka kujua limepita lini. Lililotendeka leo lina umbo lake, na lililotendeka zamani lina umbo lake, na yote hayo yamo ndani ya kitenzi chenyewe. Mtoto wa Nuu hajazoea kitenzi kinachoficha wakati wake. Akisikia kitenzi, amejua siku.

Kiswahili nacho humfichulia. "Ninasoma, nilisoma, nimesoma, nitasoma": kiambishi kimoja kimekaa pale kati kama bawabu mlangoni, kikikwambia ni wakati gani unaoingia.

Na sasa mtoto huyo anawekewa mbele yake sentensi ya maneno manne, "I read the book", aambiwe aisome kwa sauti. Aseme "riid" au aseme "red"? Sentensi haimwambii. Yaweza kuwa mazoea, yaweza kuwa jana. Mtoto akisita, tusimwite mjinga. Amesita mahali ambapo mtu mwenye akili hupaswa kusita.

WALIVYOKIFIKISHA HAPO WENYEWE

Kiingereza kina vitenzi yapata mia mbili visivyofuata kanuni ya kuongeza "ed" mwishoni. Vingine hubadilika kabisa, kama "go" kuwa "went". Vingine havibadiliki lolote, kama "cut" na "put", si kwa maandishi wala kwa matamshi. Lakini kuwa na sura moja na sauti mbili, hilo ni jambo ambalo "read" amelifanya karibu peke yake, yeye na watoto wake waliozaliwa kwa kuongezewa viambishi.

Sababu iko katika historia. Hapo kale Waingereza walikuwa na kitenzi "rædan", na maana yake ya mwanzo haikuwa kusoma maandishi. Ilikuwa ni kutoa shauri, kukisia, kufasiri ndoto, kufumbua fumbo. Hata neno lao la kitendawili, "riddle", limetoka katika shina hilo hilo. Walikuwa na mfalme aitwaye Æthelred, aliyefariki mwaka 1016, ambaye jina lake lilimaanisha shauri tukufu. Baadaye watu wakambandika jina la utani lenye maana ya asiye na shauri, kwa neno lile lile lililogeuzwa. Majirani zao wengi wa Ulaya, maandishi yalipowafikia, walichukua neno la kukusanya wakalifanya la kusoma. Waingereza walichukua neno la kufumbua fumbo. Kwao, msomaji alikuwa mfumbuzi.

Wakati uliopita wa kitenzi hicho ulikuwa "rædde". Konsonanti mbili zikikutana mwishoni ziliifupisha irabu iliyotangulia, na hapo ndipo sauti fupi ya "red" ilipozaliwa. Kisha, karne kwa karne, irabu ndefu ya wakati uliopo ikapanda mdomoni mpaka ikawa "riid", na ile fupi ikabaki chini. Uchapaji uliingia Uingereza mwaka 1476 kwa mkono wa William Caxton, na baada yake tahajia ikaanza kukaa mahali pamoja hali matamshi yaliendelea kutembea. Nduguze "read" waliandikwa kwa uaminifu: "lead" akawa "led", "feed" akawa "fed". Yeye alibaki na vazi moja la siku zote. Ndiyo maana mtoto akiandika "I red the book" amekosea tahajia, lakini sikio lake halikumdanganya.

SISI TULIKWISHA KUYAONA HAYA

Sasa turudi kwetu. Nani kati yetu aliyekaa chuoni juu ya mkeka, ubao mkononi, akaanza na alifu na be, asiyejua jinsi irabu zinavyobeba maana? Chukua herufi tatu: kafu, te, be. Zitie irabu kwa namna moja, ni "kataba", aliandika. Zitie kwa namna nyingine, ni "kutiba", kiliandikwa. Zigeuze tena, ni "kutub", vitabu. Ziache bila irabu, kama ziachwavyo magazetini na katika vitabu vingi vya Kiarabu, na msomaji ni lazima aelewe kwanza ndipo asome. Mambo hayo ndiyo yaliyowafanya wazee wa mwanzo waingiwe na hofu juu ya Kurani tukufu. Inasimuliwa kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali, katika karne ya kwanza ya Hijra, aliweka nukta za kuonyesha irabu, na kwamba al-Khalil bin Ahmad katika karne ya pili akazitengeneza alama tuzijuazo leo, za fat-ha, kasra na dhamma. Walijua kwamba ulimi wa mgeni, ukiachiwa herufi tupu, waweza kupotoa neno.

Na Kiswahili chetu kilipoandikwa kwa herufi hizo kilikuwa na mtihani zaidi. Dhamma moja ilisimama mahali pa u na mahali pa o. Kasra moja mahali pa i na mahali pa e. Basi "toa" na "tua" zilivaa kanzu moja. "Pendo" na "pindo" ziliweza kufanana. Msomaji wa utenzi huko Lamu au Mvita hakusoma kwa jicho peke yake. Alisoma kwa jicho, kwa sikio la mizani na vina, na kwa akili iliyokwisha kutangulia mbele ya mstari kuona maana inaelekea wapi. Hivyo ndivyo mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalivyotufikia. Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kumweleza maana yake W. E. Taylor, kisha William Hichens akayatoa katika kitabu mwaka 1940. Bila ya mtu aliyejua maana, herufi zile zingalibaki mifupa.

Wataalamu wetu hawakukaa kitako. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alijishughulisha kuzifanya herufi za Kiarabu zitoshee sauti za Kiswahili. Miaka mingi baadaye, Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walitoa mwaka 1997 mapendekezo yao ya kuandika Kiswahili kwa herufi hizo bila ya utata. Wote walikuwa wakilitibu donda lile lile linalomsumbua mtoto wa Nuu: maandishi yaliyo moja, matamshi yaliyo mawili.

Na kuna undugu mwingine ambao wachache huufikiri. Washairi wetu wa kale walikuwa na kiambishi cha mwisho, "-ile", cha kuonyesha jambo lililokwisha. Walisema "nipendele" mahali ambapo leo twasema "nimependa". Kikamba nacho kinacho, ila herufi l imedondoka njiani ikabaki "-ie". Tangu zama ambazo misafara ya Wakamba ilishuka na pembe hadi Mombasa, na Ludwig Krapf akafunga safari kutoka Rabai mwaka 1849 hadi Kitui kwa Kivoi, sisi na watu hao tumeuziana mengi. Lakini kiambishi hiki hatukuuziana. Tumekirithi sote kwa bibi mmoja.

JINSI YA KUKIJUA

Basi mtoto afanyeje? Ushauri wa kukariri orodha peke yake hautamfaa, maana orodha itamwambia "read, read, read" na asipate kitu. Ni lazima afundishwe kuwatazama majirani wa neno. Nami naziona dalili tano.

Kwanza, atazame neno la wakati. Pakiwa na neno la jana, la mwaka jana au la zamani, aseme "red". Pakiwa na kila siku au kila asubuhi, aseme "riid", ila dalili nyingine ipinge.

Pili, atazame nafsi ya tatu. Kiingereza humtaka mtu mmoja anayesoma kwa mazoea awekewe s: "she reads". Basi akiona "she read" bila s, wala hakuna kitenzi kisaidizi kilichotangulia, kukosekana kwa herufi hiyo ndiyo dalili. Ni jana hiyo, aseme "red". Hapa kimya ndicho kinachosema, na mtu aliyezoea kusoma herufi bila irabu hatashangaa.

Tatu, akiona "did" au "did not" mbele, kitenzi hurudi ujanani kikawa "riid", ingawa jambo lenyewe limepita. Hili huwakosesha wengi. Lakini tujitazame na sisi: twasema "nilisoma", kisha tukikanusha twasema "sikusoma". Ile "li" imekwenda wapi? Imeondoka, kazi ya wakati ikachukuliwa na "ku". Mtoto akionyeshwa hayo katika Kiswahili chake, ya Kiingereza humwia mepesi.

Nne, akiona "have", "has" au "had", aseme "red". Hapo ndipo Kiswahili husema "nimesoma" na "nilikuwa nimesoma".

Tano, na hii ndiyo iliyojificha kuliko zote, akiona kitenzi cha kuwa kimetangulia kwa maana ya kutendwa, aseme "red" hata kama jambo ni la leo na la kesho. Ukitaka kusema kwa Kiingereza kwamba Suratul Kahfi husomwa kila Ijumaa, utasema "is read", na utatamka "red", ingawa Ijumaa ijayo bado haijafika. Kwa hiyo anayewafundisha watoto kwamba "red" ni ya wakati uliopita tu, amewapa nusu ya elimu.

Mwalimu wa Nuu anayejua Kikamba na Kiswahili ana hazina ya kuyafundisha haya, lau atapewa ruhusa ya kuzitumia lugha hizo kama ngazi. Lakini wengi wetu twakumbuka vile vibao walivyovishwa watoto shingoni katika skuli nyingi za Kenya kwa kosa la kusema lugha ya mama. Mtoto anayeogopa kibao hatauliza kwa nini neno moja lina sauti mbili. Atanyamaza, atakisia, na siku ya mtihani atakisia tena. Sarufi, neno ambalo sisi wenyewe tumelichukua kutoka elimu ya sarfu ya chuoni, haifundishwi kwa fimbo peke yake. Hufundishwa kwa kulinganisha.

SWALI LENYEWE

Nimeahidi kulirudia swali la nani amesoma. Kusoma kwa Kiswahili ni kutazama maandishi na kuyatamka, na ni kutafuta elimu pia. Mtu husema "nilisoma Nuu", maana yake alihudhuria skuli huko. Watoto wakiifasiri kwa "read" walimu huwakosoa na kuwataka waseme "studied" au "went to school". Wana haki, kwa matumizi ya kawaida. Ila Waingereza wenyewe husema fulani "read law", yaani alisoma sheria chuo kikuu. Kwa hiyo fikira ya mtoto haikuwa ya kuchekwa. Imekosa mahali pake tu.

Neno hili limesafiri. Kikamba hutumia kusoma kama sisi. Uganda, katika miaka ya 1880, waliozifuata dini za kitabu waliitwa wasomaji, ikawa kusoma na kuabudu ni kitu kimoja. Nasi Waislamu twajua kwamba neno la kwanza la wahyi lilikuwa "Iqra", soma, na kwamba jina la Kurani yenyewe limetoka katika shina hilo.

Basi imekuwaje tufike mahali ambapo mzee wa pwani, aliyehitimu juzuu thelathini, anayesoma hati ya kale ya shamba iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kukufasiria kila shahidi na kila mpaka, tumwambie hakusoma? Na imekuwaje mzee wa Nuu anayesoma Kikamba chake bila kukwama, na kuandika barua kwa Kiswahili, naye aambiwe hakusoma? Wote wawili wamehukumiwa kwa lugha moja. Neno "amesoma" limepunguzwa maana mpaka likawa "anajua Kiingereza". Huko ni kulipunja neno, na ni kuwapunja watu.

Upande wa pili wapo waliosoma kwa jina. Katika mikutano ya vyama na ya kamati, kumbukumbu za mkutano uliopita mara nyingi hupitishwa kwa Kiingereza kwa usemi "taken as read", yaani zihesabiwe kuwa zimesomwa. Mkono unainuliwa, mwingine unaunga, kurasa zinapita ambazo hakuna jicho lililoziona. Hapo "red" imetamkwa sawasawa kabisa, na hakuna aliyesoma. Mtu huwekewa mbele karatasi ya mkopo au ya kuuza ardhi, chini yake pameandikwa kwamba amesoma na ameelewa, naye hutia sahihi kwa kuona haya kuuliza. Sheria ya viapo iliona hatari hiyo. Mwapaji asiyejua kusoma ni lazima hati isomwe mbele yake kwa lugha anayoielewa, na msimamizi wa kiapo athibitishe kwamba mtu huyo ameonekana kuielewa. Sheria imetambua kwamba "imesomwa" ni ushahidi, na ushahidi una dhamana mbele ya watu na mbele ya Mwenyezi Mungu.

Basi tuwafundishe watoto wetu kitenzi hiki vizuri, wa Nuu na wa Mvita, wa skuli na wa chuoni. Tuwafundishe "riid" na "red", maana lugha hiyo wanaihitaji na mitihani haina huruma. Lakini tuwafundishe na lile lililo ndani yake: kwamba yako maneno ambayo macho hayatoshi kuyasoma, na kwamba mtu huitazama sentensi nzima kabla hajaufungua mdomo. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Nasi twaongeza kwamba anayetaka kujua maana asizibwe mdomo, wala aliyeijua kwa lugha yake mwenyewe asinyimwe jina la msomi.